Milioni 20 Waliojisajili: Jinsi Wakenya Walivyoelezwa Habari za SHA

Kwa miezi mingi kuanzia Oktoba 2024, mtu aliyefungulia taarifa ya habari ya saa moja jioni nchini Kenya hangekosa kusikia tarakimu moja: idadi ya watu waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, inayosimamia bima mpya ya afya ya serikali. Waziri wa Afya alikuwa nayo mkononi kila alipoita wanahabari. Wanasiasa wa upande wa serikali waliitaja makanisani na matangani. Kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imepita milioni 20, na bado ilikuwa inapanda. Tarakimu hiyo haikuwa ya uongo. Mfumo ulikuwa umeandikisha watu hao kweli. Lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyowachanganya Wakenya kuliko uvumi wote wa WhatsApp ukiuweka pamoja.

Sababu ni kwamba kujisajili SHA na kuwa na bima ya SHA ni mambo mawili. Kujisajili ni bure, kunachukua dakika chache kwa simu ukipiga *147#, na kunakupa haki ya kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Bima ya kulazwa, kupasuliwa au kusafishwa figo ni jambo jingine, na hiyo inalipiwa. Kati ya wale milioni 20 na zaidi, waliokuwa wakilipa michango hawakufika robo, na wengi wao ni wale ambao mwajiri anawakata hata wasipotaka. Basi nchi nzima ikawa inatangaziwa mlango ulio wazi, na wengi wakajua kuna mlango wa pili walipofika dirisha la hospitali na mgonjwa wao mgongoni.

Ninachotaka kuchambua hapa ni hivyo tu: jinsi serikali ilivyochagua kuieleza sera, jinsi vyombo vya habari vilivyoibeba, na wananchi walivyoielewa. Kama sera yenyewe ni nzuri au mbaya, hilo ni suala la siku nyingine, ingawa siwezi kuahidi kwamba sitaligusa.

Mifuko mitatu chini ya jina moja

NHIF, bima ya zamani, ilianzishwa 1966. Ilikuwa na matatizo yake, na si madogo. Mwaka 2023 wanahabari wapekuzi walionyesha jinsi wazee wa vijijini walivyokuwa wakichukuliwa kwa ahadi ya matibabu ya bure na kupelekwa hospitali za mbali ili bima ichajiwe. Lakini kama njia ya kueleza jambo kwa mwananchi, NHIF ilikuwa rahisi. Unalipa, unapata kadi, unaionyesha. Mwenye mshahara alikatwa kwa ngazi, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700. Asiye na mshahara alilipa 500 kwa mwezi. Mtu asiyejua kusoma aliielewa, na alipokosa kulipa alijua kabisa kwamba hana bima.

Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne kwa mpigo: ya Bima ya Afya ya Jamii, ya Huduma za Afya ya Msingi, ya Afya ya Kidijitali, na ya kuruhusu vituo vya afya kutumia mapato yao wenyewe. NHIF ikahukumiwa kufa, na mahali pake pakawekwa mifuko mitatu. Wa kwanza, Hazina ya Afya ya Msingi, unatokana na kodi na unalipia huduma za vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na vituo vya afya. Mgonjwa hatakiwi kulipa chochote ila awe amejisajili. Wa pili ndio SHIF yenyewe, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, unaotokana na michango, na unalipia hospitali za ngazi ya nne hadi ya sita. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaotokana na bajeti ya serikali, na kwa mgonjwa wa saratani au figo unaingia pale kiwango cha SHIF kinapoisha. Maana yake ni kwamba, ukiacha dharura, huwezi kuufikia mfuko wa tatu kama hukuwa unalipia wa pili.

Soma tena aya hiyo uone kama ungeweza kumweleza jirani yako ukiwa kwenye matatu kati ya Kangemi na mjini. Inawezekana, lakini lazima uanze na swali moja: mgonjwa anaenda hospitali ya ngazi gani? Swali hilo ndilo ufunguo wa sera yote. Na ndilo lililokosekana karibu kabisa katika matangazo ya mwaka wa kwanza. Mkenya wa kawaida hajui hospitali ya mtaa wake ni ya ngazi gani, wala hajawahi kuwa na sababu ya kujua. Anajua ni "ya serikali" au "ya kibinafsi".

Badala yake serikali ilikuja na majina. Mara UHC, yaani afya kwa wote, mara SHIF, mara SHA, mara Afya Yangu kwenye simu, mara Linda Jamii kwa akina mama waliozoea Linda Mama, mpango wa kujifungua bila malipo, na kabla mwaka 2024 haujaisha tayari mabango yalikuwa yanasema Taifa Care. Mtu wa matangazo ya biashara angekwambia bidhaa inayobadilisha jina mara tano kwa mwaka haina mwenyewe. Redioni watangazaji walitumia SHA na SHIF kana kwamba ni kitu kimoja. Siwalaumu sana. Hata mawaziri walifanya hivyo.

Habari iliyoandikwa kutoka kwenye payslip

Kabla ya Oktoba 2024, SHA ilijulikana kwa jambo moja tu: asilimia 2.75. Hicho ndicho kiwango ambacho kila mwenye mshahara angekatwa kutoka kwa mshahara wake wote bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini kikiwa shilingi 300. Magazeti, televisheni na watu wa X wote waliliingia suala hili kupitia hapo. Na ukilitazama wakati wake, unaelewa. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yalikuwa yameshaanza, michango ya pensheni ya NSSF imepanda, na Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa njiani. Vijana walipoingia barabarani Juni 2024, SHIF ilikuwa imeshatiwa katika kikapu kimoja na kodi zote zilizochukiwa.

Lakini tukae hapa kidogo na kalamu na karatasi.

Aliyekuwa na mshahara wa shilingi 15,000 alikatwa 600 na NHIF. SHIF inamkata 412 na senti kadhaa. Wa 20,000 alikuwa anatoa 750. Sasa anatoa 550. Wa 30,000 alitoa 900. Sasa ni 825. Mambo yanageuka karibu na 35,000, ambapo makato ya zamani yalikuwa 950 na mapya ni 962. Kutoka hapo kwenda juu maumivu yanaongezeka: wa 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750, na wa 500,000 ametoka 1,700 ileile hadi 13,750.

Yaani kwa askari wa lango, mhudumu wa hoteli, karani wa duka, mfanyakazi wa kiwanda cha Export Processing Zone pale Athi River, SHIF ilikuwa punguzo. Si kubwa, lakini ni punguzo, wakati ambapo hakuna kitu kingine kilichokuwa kinapungua. Wangapi kati yao walilijua hilo? Kwa jinsi habari zilivyoandikwa, asilimia 2.75 ilikuwa mzigo mpya kwa "Wakenya". Jedwali kama hili nililolifanya hapa lilichapishwa mahali fulani fulani, mara nyingi ndani ya kurasa za biashara, na mara nyingi likianzia mshahara wa 50,000 kwenda juu.

Nadhani sababu ni ya kawaida kabisa. Mhariri anayeamua habari ipi iende ukurasa wa mbele, mwanasheria anayealikwa studio, mchambuzi wa X mwenye wafuasi wengi, wote wako upande wa juu wa mstari wa 35,000. Walifungua payslip zao wakaona kilichoandikwa, wakaandika habari kutoka hapo. Hakuna njama. Mtu huona lililo mbele yake, na payslip ni karatasi inayosomwa kwa makini kuliko gazeti lolote nchini.

Serikali nayo ilikuwa na hoja hii mfukoni na ikaitumia vibaya. Rais aliisema zaidi ya mara moja, kwamba chini ya NHIF mwenye kidogo alikuwa anatoa sehemu kubwa ya mapato yake kuliko mwenye kingi, na ndiyo maana mfumo ubadilishwe. Ni hoja ya kweli. Ila aliisema kwenye majukwaa ya siasa, kwa sauti ya kushindana na wapinzani, mbele ya umati ambao wengi wao hawana payslip. Na iliposemwa na Rais yuleyule aliyekuwa anashutumiwa kwa kuongeza kodi, ilisikika kama siasa. Ujumbe wa afya hubebwa na anayeaminiwa, na katikati ya 2024 Ikulu haikuwa mahali pa kuazima imani.

Jambo dogo linalofanana na hilo: tangu mwisho wa Desemba 2024, makato ya SHIF yanaondolewa kwanza kwenye mshahara kabla ya kodi ya PAYE kukokotolewa. Ni nafuu ya kweli kwa anayelipa kodi. Ilipita kimyakimya wiki ya Krismasi.

Mama mboga na simu ya kabambe

Upande wa wasio na mshahara, ambao ndio wengi wa Wakenya, mkanganyiko ulikuwa wa aina nyingine, na hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki.

Kwa karatasi, mama mboga alipata nafuu. NHIF alilipa 500 kwa mwezi, SHIF kiwango cha chini ni 300. Lakini NHIF aliilipa mwezi kwa mwezi, na akishindwa mwezi mmoja alijua la kufanya. SHIF ilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mara moja: 3,600 kwa uchache. Mtu anayenunua unga wa kupima na mafuta ya kumi kumi haweki 3,600 mahali pamoja. Na hata hiyo 3,600 ni kwa aliyepimwa na kuonekana hana kitu. Wasio na mshahara wanapimwa uwezo kwa maswali: nyumba yako imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini, maji mnapata wapi, choo ni cha aina gani. Mfumo unakisia mapato yako kutoka kwenye majibu, kisha unakutajia kiasi. Kuna waliotajiwa kiasi kilichowafanya wazime simu.

Sasa, katika matangazo yote ya usajili, sehemu hii ilikuwa wapi? Wahamasishaji wa afya ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba. Machifu walitangaza barazani. Vituo vya redio vya lugha za mama, ambavyo ndivyo vinavyosikilizwa kuliko gazeti lolote, vilirudia tangazo: jisajili, ni bure. Kila aliyefanya kazi hiyo alipimwa kwa idadi ya waliojisajili. Kaunti zikawekwa kwenye orodha ya nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na magavana wakaulizwa kwa nini watu wao wanakokota miguu. Ukimpima mtu kwa usajili atakuletea usajili. Hana sababu ya kuongeza sentensi inayomfanya mwenye nyumba asite.

Matokeo yake tuyatazame kwa mfano wa kudhania, lakini wa aina inayotokea kila wiki. Mwanamke amejisajili kwa simu ya kabambe, chifu akiwapo. Mwezi uliofuata mtoto akashikwa na malaria, akampeleka kituo cha afya cha ngazi ya tatu, akatibiwa bila kutoa hata shilingi. Kwa hiyo tangazo ni la kweli, amelihakikisha mwenyewe. Miezi mitano baadaye uchungu unamshika, mtoto amekaa vibaya, anahamishiwa hospitali ya kaunti ndogo kwa upasuaji. Mume yuko dirishani na kitambulisho cha mkewe.

"Mzee, huyu amesajiliwa lakini hajalipa."

"Hajalipa nini? Si SHA ni bure?"

"Kujisajili ndiyo bure. Hii ya operesheni lazima kwanza mlipe ya mwaka."

"Lakini dadangu, mwezi wa tatu tulitibiwa hapo chini na hatukuitishwa chochote."

"Hapo chini ni mfuko mwingine, mzee."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo maelezo ya sera yote, na mtu wa kwanza kumpa mwananchi huyo maelezo hayo ni karani wa hospitali, saa tano usiku. Huyo karani hakuajiriwa kuwa msemaji wa Wizara ya Afya. Anayebaki na lawama ni yeye, na mume anaporudi nyumbani anasema SHA ni utapeli, na kijiji kinamwamini kwa sababu wanamjua. Kesho yake redio inatangaza kwamba waliojisajili wameongezeka tena.

Mahakama kama mechi

Zingatia pia kalenda. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha sheria. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikairuhusu iendelee. Kuanza kukapangwa Julai 1, kukasogezwa Oktoba 1. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema sheria zilipitishwa bila kuwashirikisha wananchi vya kutosha, kwa hiyo ni kinyume cha Katiba, lakini Bunge likapewa siku 120 kurekebisha. Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo.

Habari za mahakama huandikwa kama mechi: nani kapiga nani. Uamuzi wa Julai ulitangazwa kama bao dhidi ya serikali, wiki chache tu baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa. Zile siku 120 zilitajwa kwenye aya ya saba. Kwa hiyo kuna Wakenya wengi walioingia Septemba wakiamini SHA imekufa mahakamani na NHIF inaendelea. Hawakujisajili, hawakuuliza. Oktoba 1 ikafika, NHIF ikafungwa kweli, na hata waliokuwa wanachama kwa miaka wakaambiwa wajisajili upya. Wiki za kwanza zikawa za taabu: mfumo unakwama, hospitali hazijui zilipwe na nani, na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu mara mbili kwa wiki wakaambiwa watoe pesa taslimu.

Hapa nawapa wanahabari haki yao. Picha za wagonjwa wale wa figo, waliokaa kwenye mabenchi wakihesabu siku zilizopita tangu kusafishwa, ndizo zilizolazimisha wizara kushughulika. Hiyo ni kazi ya uandishi wa habari na ilifanyika vizuri. Kilichofuata ndicho kidhaifu. SHA ilikuwa imepandisha malipo ya kusafisha figo kutoka 9,500 hadi 10,650 kwa kila safari, na kwa saratani familia iliwekewa 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa tatu. Mgonjwa wa saratani alihitaji kuzijua tarakimu hizo kama alivyojua nambari yake ya simu, maana ndizo zilizomwambia angefika mzunguko wa ngapi wa dawa kabla ya pesa kuisha. Zilisomwa mara moja siku ya kutangazwa, kisha zikazama chini ya mvutano wa wanasiasa.

Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya muungano wa RUPHA zilisitisha huduma za SHA, zikidai madeni makubwa, mengine ya tangu enzi ya NHIF. Vichwa vya habari vikawa SHA imeanguka. Wizara ikasema mabilioni yameshalipwa. Wote wawili walikuwa na hati za kuonyesha, kwa sababu mmoja alizungumzia deni la zamani na mwingine malipo mapya. Nilisikiliza mahojiano kadhaa ya kipindi kile ambayo yaliisha bila mtangazaji kuuliza: deni lipi, la mfuko gani, la mwezi gani? Bila swali hilo, msikilizaji anabaki kuchagua wa kumwamini kwa kabila au chama.

Mfumo wa bilioni 104

Uvumi nao ulipata nafasi yake, na si ajabu. Mfumo wa kompyuta unaoendesha SHA ulitolewa kwa muungano wa kampuni za Safaricom, Konvergenz na Apeiro kwa gharama ya shilingi bilioni 104.8. Wakati huohuo Wakenya walikuwa wanapambana na mpango wa kampuni ya Adani kuuchukua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mpango uliofutwa Novemba 2024. Mitandaoni mambo mawili yakayeyushwa kuwa moja: SHA ni ya Adani. Jina la Adani halikuwa katika muungano ule. Serikali ikakanusha, ikakanusha tena, na kila ikikanusha ikaonekana inaficha kitu.

Kisha Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ikasema kwamba mfumo huo si mali ya serikali na kwamba haukununuliwa kwa ushindani. Kwa mwananchi aliyekuwa ameamini uvumi, ripoti hiyo ilikuwa uthibitisho. Alikosea jina, lakini harufu aliyoisikia ilikuwepo. Wanaohakiki habari za mitandaoni walikuwa na kibarua kigumu hapa. Wangeweza kuweka alama ya uongo kwenye ujumbe wa Adani, na wangekuwa sahihi, lakini msomaji angeondoka akidhani hakuna la kuuliza kuhusu mkataba.

Na ndipo ninapoona upungufu wa njia yote ya kupambana na "taarifa potofu" katika sera za afya. Njia hiyo imejengwa kutafuta sentensi ya uongo na kuikanusha. "Wakenya milioni 20 wamejisajili SHA" si sentensi ya uongo. Hakuna mhakiki angeigusa. Ilipita kwenye kila chujio, ikapewa picha nzuri na muziki, na ikafanya madhara kwa sababu iliachwa peke yake.

Wizara ilivyoanza kubadili lugha

Aden Duale alipohamishiwa Wizara ya Afya mwaka 2025, sauti ilibadilika. Duale ni mtu wa kupiga meza, na kwa wiki nyingi habari za SHA zikawa za hospitali hewa, madaktari waliodai malipo ya wagonjwa wasiokuwepo, vituo vilivyofungiwa. Ilikuwa habari tamu, na nyingi zilikuwa na msingi. Pia ilikuwa na faida kwa wizara: ilihamisha swali kutoka "kwa nini nimeitishwa pesa" hadi "nani ameiba pesa zetu". La pili lina mhalifu wa kuonyeshwa kwenye kamera. La kwanza halina.

Katikati ya 2025 kukaja Lipa SHA Pole Pole, njia ya kumwezesha asiye na mshahara kulipa kidogo kidogo. Yaani miezi mingi baada ya kuanza, serikali ilikubali kimatendo kwamba 3,600 kwa mkupuo ilikuwa kizuizi. Tazama lakini jinsi ilivyotangazwa: kama zawadi mpya, kama hatua nyingine ya mafanikio. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema wazi kwa mara ya kwanza: mlioandikishwa lakini hamjalipa, hamna bima ya kulazwa, na hii ndiyo njia ya kuipata. Baadhi ya watangazaji wa redio walilisema hivyo kwa lugha yao wenyewe, hasa kwenye vipindi vya asubuhi vya kupiga simu, ambapo msikilizaji wa Bungoma au Kilifi anauliza swali lake na kung'ang'ania mpaka ajibiwe. Kama kuna mahali sera hii ilielezwa sawasawa, ni huko, na haikuwa kwa mpango wa mtu yeyote. Simu ya msikilizaji haina nidhamu ya kikao cha wanahabari. Inauliza, "Mimi nimejisajili, mke wangu anajifungua wiki ijayo, nibebe pesa ngapi?"

Mfano wa tangazo ambalo lingefaa tangu siku ya kwanza hauhitaji mshauri wa mawasiliano kutoka nje. Zahanati na kituo cha afya: jisajili, hulipi. Hospitali kubwa: kama hujalipa ya mwaka, utaitishwa pesa. Hospitali yenu ya ngazi gani? Muulize mhamasishaji wa afya anayepita kwako. Sekunde ishirini za redio, kwa lugha yoyote ya nchi. Lisingeongeza idadi ya waliojisajili kwa kasi ileile, na hiyo ndiyo sababu halikutoka.

Oktoba 2025, mwaka mmoja baada ya kuanza, serikali ilizindua mpango wa kuwalipia michango Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Ni hatua kubwa kwa watakaofikiwa, na ilitangazwa kwa tarakimu tena. Wakati huohuo, wale wasio na mshahara waliokuwa wamelipa mwaka wa kwanza kwa jasho lao walianza kufikiwa na tarehe ya kulipa tena. Wamelipa, wameona huduma au wameikosa, na sasa wanaamua kama watoe 3,600 nyingine. Mwandishi anayeketi kwenye kikao kijacho cha wizara, akisomewa jumla ya waliojisajili, anaweza kuiacha hiyo ipite na kuuliza ya hao: ni wangapi wamelipa mara ya pili, kaunti gani, na waliokataa wanasema nini.